Cheti Hiki Utampelekea Nani?

Binamu yangu ni muuguzi huko Songea. Miaka michache iliyopita alinipigia simu usiku, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu anayevujisha siri ya mirathi: amemaliza uzamili. Kazini hakumwambia mtu. Alisomea kwenye simu, zamu za usiku wodi ikishatulia, chuo kikiwa ng'ambo, ada akiilipa kidogokidogo kwa mkopo wa kikoba. Nilimpongeza mpaka salio likaisha. Wiki iliyofuata akapiga pasi sare yake, akaingia kwa afisa utumishi na bahasha mkononi. Yule bwana akaitoa shahada, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, kisha akauliza kwa upole, "Sista, barua ya TCU iko wapi?"

Hakuwa nayo, wala hakujua kwamba kuna barua ya namna hiyo, ya kutambua shahada za nje. Alipokwenda kuiomba ndipo ilipojulikana kuwa chuo chake hakitambuliki hata katika nchi kilikodai kuwapo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama asome uzamili mtandaoni au asubiri nafasi ya kukaa darasani, namwambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: cheti hicho utampelekea nani? Nitajie mtu, au walau meza. Afisa utumishi wa halmashauri yako? Mkuu wa idara katika chuo unakotaka kufundisha? Meneja wa benki? Shirika la misaada lenye ofisi Nairobi? Kila meza ina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yatakayoamua usome wapi, usome nini, na mara nyingine kama kuna haja ya kusoma kabisa.

Tuanze na mhasibu. Nimekutana na wahasibu waliojinyima miaka miwili wakiitafuta MBA, kumbe meza waliyoilenga ilikuwa inadai CPA ya bodi ya wahasibu, NBAA. Tangazo la kazi lilisema hivyo waziwazi. Hawakulisoma mpaka chini. Afisa ununuzi naye ana mitihani ya bodi yake, PSPTB. Uzamili unaweza kuja baadaye, lakini mwenye fedha ya kitu kimoja anunue kile kinachodaiwa kwenye tangazo.

Anayetaka kufundisha chuo kikuu ana hesabu nyingine. Matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi hapa Tanzania kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, kwa mizani ya 5. Kama shahada yako ya kwanza ina 3.2, uzamili wa mtandaoni hautaifuta, hata kama umetoka chuo chenye jina dunia nzima. Na kwa kuwa vyuo vingi vya nje havitumii mizani hiyo ya 5, uliza mapema alama zao zitahesabiwaje zikifika nyumbani.

Mtumishi wa umma aanze na ruhusa. Wengi husoma kimyakimya, wakiogopa kunyimwa au kuonewa kijicho, na mtandao huwapa moyo kwamba hakuna atakayejua. Kisha cheti kinakuja na hakina pa kuingia kwenye jalada. Andika barua, pata majibu ya maandishi, na uulize bila kuzunguka: nikimaliza, muundo wa utumishi wa kada yangu unasemaje? Zipo kada ambazo uzamili huhesabika mtu anapofikiriwa kuongoza kitengo, na zipo ambazo mshahara hubaki palepale. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliuliza akajibiwa asitegemee nyongeza. Akasoma hata hivyo, kwa sababu alikuwa ameinyemelea nafasi ya uthibiti ubora wa shule. Sina ugomvi naye. Alijua anachokinunua kabla ya kulipa.

Kuna kundi moja ambalo sitalipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: vijana waliomaliza shahada ya kwanza mwaka jana, hawana kazi, na wanataka uzamili ili wasionekane wamekaa bure nyumbani. Wazazi hulipenda wazo hili. Mimi silipendi. Mwajiri anayetafuta mtu wa kuanzia kazi huuliza uzoefu, na akiona uzamili usio na hata mwezi mmoja wa kazi huanza kuogopa mshahara atakaodaiwa. Miaka miwili hiyo na ada hiyo, kijana angeweza kujitolea mahali, akajifunza kazi halisi, akajua ni uzamili wa nini anaouhitaji. Anayebadilisha fani kabisa, au aliyepata ufadhili wa kulipiwa kila kitu, huyo simzuii.

Ukishaijua meza, ndipo uje kwenye chuo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilianza kazi mwaka 2005, na kutambua shahada zilizotolewa nje ya nchi ni sehemu ya majukumu yake. Kenya utaelekezwa CUE au KNQA, Uganda ni NCHE. Kwa kiasi kikubwa maswali yao yanafanana: chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake? Uliingia na sifa zipi? Ulisoma kwa muda gani? Majibu ya maswali haya yatafute kabla ya kutuma shilingi ya kwanza. Chuo cha Uingereza kitafute kwenye rejista ya mdhibiti wa elimu ya juu wa huko. Cha India kitafute kwenye orodha ya UGC ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha kwa masafa na mtandaoni, maana chuo cha huko kinaweza kuwa halali kabisa kwa wanaokaa darasani na kisiwe na ruhusa ya kumfundisha aliye mbali. Cha Marekani usiridhike na neno ithibati peke yake. Tazama ni nani aliyeitoa ithibati hiyo, na kama Wizara ya Elimu ya Marekani au CHEA inamtambua mtoaji.

Hili la mwisho si ukorofi wangu. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua habari za kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa na mamia ya tovuti za shule na vyuo visivyokuwapo duniani, pamoja na taasisi za kubuni za kuvipa ithibati. Mwizi alijenga nyumba ya karatasi, kisha akajenga na ofisi ya kutoa hati ya nyumba hiyo. Alama zake zinajulikana: mtu wa mauzo anayekupigia mara tatu kwa siku, punguzo linaloisha usiku wa leo, shahada inayotolewa kwa "uzoefu wa maisha", na kozi ambayo hakuna mtu anayeweza kuifeli. Chuo cha kweli huwa na wanafunzi wenye sapu, waliokeri, na waliodisko.

Na sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule haukuwa wa shahada za uzamili, lakini baada yake usitegemee afisa utumishi apokee karatasi asiyoijua kwa sababu tu ina muhuri unaong'aa.

Dharau ya "huyo kasoma kwa simu" ndiyo isikuumize kichwa. University of London imekuwa ikiwatunuku shahada watu wasiokanyaga madarasa yake tangu 1858. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Georgia Tech ya Marekani ilianza mwaka 2014 kufundisha uzamili wa sayansi ya kompyuta mtandaoni, na shahada anayopewa wa mtandaoni ni ileile ya aliyekaa darasani. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1994, enzi za kozi zinazosafirishwa kwa mabasi na posta. Wakenya nao wana Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023, pale Konza. Mimi binafsi, kwa mtu anayetarajia kufanya kazi hapahapa Afrika Mashariki, huanza kumwelekeza kwenye vyuo vya nyumbani. Ukikwama kuna kituo cha mkoa unachoweza kukiendea kwa bodaboda, na barua ya utambuzi haikuhusu.

Sasa nije kwenye jambo linalowaangusha wengi kuliko vyuo feki, nalo ni saa. Uzamili wa kawaida, kwetu na Uingereza pia, una krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Zidisha: saa 1,800. Miaka miwili ina wiki 104. Toa sikukuu, misiba, harusi ya mdogo wako, homa ya mtoto, na ule mwezi wa kufunga mahesabu kazini ambao hakuna mtu anayemjua mwenzake. Zitabaki kama 90. Hizo ni saa 20 kila wiki. Ukisoma kwa miaka mitatu kwa hesabu hiyohiyo, zinashuka hadi kama 13.

Saa 20 zinatoka wapi? Chukua karatasi, uandike wiki yako kama ilivyo, usiiandike kama unavyotamani iwe. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Ndani ya daladala anaweza kusikiliza mhadhara kwa spika za masikioni. Kuandika insha ya maneno 3,000 akiwa amening'inia kwenye bomba hawezi. Huyo ana Jumamosi, Jumapili baada ya kanisa, na labda saa mojamoja kwa siku mbili tatu za katikati ya wiki. Jumla ni kama saa 13, akibahatika. Basi asijisajili kwa miaka miwili kwa sababu tangazo limesema inawezekana. Ajisajili kwa mitatu, na asione haya.

Kabla ya kulipa, jijaribu. Coursera na edX zina kozi ambazo unaweza kuzifuata bila malipo au kwa malipo madogo. Chagua moja ya wiki sita iliyo karibu na fani unayoitaka, ujipangie saa zilezile unazodhani utakuwa nazo, kisha uimalize. Nasema uimalize, maana kujisajili kila mtu anajisajili. Ukikwama wiki ya tatu, umepata habari muhimu sana bila kuuza pikipiki.

Halafu kuna nyumba. Mwanamume akitangaza kwamba anasoma, mlango unafungwa na watoto wanaambiwa wanyamaze, baba yuko chuoni. Mwanamke akitangaza kwamba anasoma, anaulizwa leo mboga nini. Nimeliona hili katika nyumba nyingi, za wasomi na za wasiosoma, na sijaona programu ya kompyuta inayolitibu. Dawa yake ni kikao cha mapema, chenye mambo yanayoshikika: Jumamosi asubuhi nani anapika, nani anampeleka mtoto kliniki, wageni wa mwezi wa Desemba watapokelewaje mwaka wenye mitihani, na meza ipi haiguswi. "Tutasaidiana" si makubaliano. Dada yangu aliandika ratiba akaibandika kwenye friji, na shemeji akaitia saini mbele ya watoto. Watu walicheka. Watoto wale ndio waliokuwa wakimkumbusha baba yao zamu yake ya vyombo.

Ujiandae pia kuonekana unaringa. Utakosa kamati za harusi mbili tatu. Toa mchango wako mapema, omba radhi, nenda kasome.

Umeme na mtandao nitavipitia haraka, kwa sababu kila mtu anavijua. Uliza kama vipindi ni vya mubashara au vimerekodiwa. Kipindi cha saa moja jioni kwa saa za New York wakati wa baridi kinakukuta saa tisa usiku, na hakuna kahawa inayoweza kulimudu hilo kwa mihula minne. Pakua masomo yote wiki inapoanza. Peleka kazi siku moja kabla ya mwisho. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania yote ikahema kwa shida mtandaoni. Mwenye kazi ya kuwasilisha usiku ule alijua maana ya kuchelewesha. Muulize msajili kwa barua pepe: umeme ukikatika wakati wa mtihani, utaratibu wenu ni upi? Jinsi anavyokujibu, na siku anazochukua kukujibu, vitakueleza mengi kuhusu miaka miwili ijayo.

Kwenye fedha, watu hukumbuka ada na kusahau dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,340 za Tanzania. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Aliyekuwa anadaiwa dola 6,000 aliongezewa zaidi ya shilingi milioni moja na nusu bila chuo kupandisha ada hata senti. Wakenya waliona vitisho vikubwa zaidi: dola ilifika karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, kisha ikarudi chini hadi kama 130. Kwa hiyo ukipanga kulipa kwa dola, weka akiba ya akiba. Ongeza bando, ada ya mtihani, ada ya utambuzi, nauli za kwenda kukusanya data, na kompyuta. Narudia, kompyuta. Tasnifu haiandikwi kwenye simu.

Ufadhili upo hata kwa wanaosoma wakiwa kwao. Mpango wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa umekuwapo tangu 2002, na hulipa ada ya uzamili katika vyuo vya Uingereza kwa watu wa nchi zinazoendelea za jumuiya hiyo. Kuuomba ni kazi, ushindani ni mkali, lakini muda wa kujaza fomu zake ni mdogo kuliko muda wa kulipa mkopo wa benki.

Nimeacha tasnifu mwisho kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipozama. Kozi zote nilizimaliza kwa wakati. Kozi zina tarehe, zina kundi la WhatsApp, zina wenzako wanaotumiana madesa usiku wa manane. Kisha kozi zikaisha, kundi likanyamaza, nikabaki na mtu mmoja tu, msimamizi. Nilimtumia sura ya kwanza Machi. Akajibu Julai, sentensi mbili. Nami nikasusa, kama mtoto, mpaka Februari. Miezi kumi na moja ilikwenda hivyo, ada ya kuongeza muda ikiendelea kuhesabiwa, na nusu ya kosa ilikuwa yangu. Darasani ningemvizia mlangoni kwake. Mtandaoni hakuna mlango wa kuviziwa.

Kwa hiyo uliza kabla: msimamizi hupangwa lini, anatakiwa ajibu ndani ya siku ngapi, na asipojibu nalalamika kwa nani? Watafute watu wawili waliomaliza programu hiyohiyo, sio wale walioletwa kwenye tangazo, uwaulize tasnifu iliwachukua muda gani. Chagua mada ambayo data yake iko karibu na meza yako ya kazi, mfano takwimu za kliniki yako au za shule yako, na anza taratibu za vibali mapema. Kenya bila leseni ya utafiti ya NACOSTI hutaenda mbali. Na wale wanaokufuata sirini wakisema watakuandikia tasnifu yote kwa laki kadhaa, waache waende. Siku ya kuitetea utakaa peke yako mbele ya kamera, na maswali hayatamwendea yeye.

Kuna fani ambazo sitamshauri mtu azisome mtandaoni tupu: zinazohitaji maabara, mgonjwa kitandani, au mikono kwenye mashine. Zenye bodi za usajili, kama uhandisi, udaktari, sheria na uuguzi, bodi iulizwe kabla ya chuo. Na kama unachokitafuta hasa ni watu, yaani kujuana na wale watakaokuwa makatibu wakuu na wakurugenzi miaka kumi ijayo, hao bado wanapatikana zaidi kwenye korido na kwenye chai ya saa nne.

Basi kesho asubuhi, kabla hujafungua fomu yoyote ya maombi, andika barua kwa ile meza. Waulize shahada ipi, ya chuo cha namna gani, itakubadilishia nini. Dirisha la udahili likifungwa kabla majibu hayajaja, liache lifungwe; litafunguliwa tena.

Binamu yangu alifanya hivyo mara ya pili. Majibu ya mwajiri yalichukua wiki saba. Sasa yuko mwaka wa pili, anasomea kituo cha hapohapo Songea, na msimamizi amepangiwa mwezi uliopita. Deni la kikoba la cheti kile cha kwanza atalimaliza Desemba.